Deni la mtoto, jina la mama

Nilimtumia mwanangu shilingi 1,500. Alikuwa Mokowe, ameshavuka kwa boti, anangoja basi la Mombasa aende likizo kwa mjomba wake. Dakika mbili hazikupita akanipigia: "Mama, zimebaki 212." Nikamwambia anisomee ujumbe kama ulivyo. Akanyamaza. Nikamwambia tena. Ndipo akasoma, kwa sauti ya chini, kwamba pesa zimekatwa kulipia mkopo.

Nilimtumia nyingine akaenda zake, maana Mokowe si pahali pa kumgombeza mtoto kwa simu. Lakini siku nzima dukani nilikuwa nawaza jambo moja: alikuwa na miaka 16. Nani kamkopesha mtoto wa miaka 16?

Jibu ni kwamba aliyekopeshwa ni mimi. Kitambulisho hutolewa mtu akitimiza miaka 18, kwa hiyo laini yake niliisajili kwa jina langu, kama wafanyavyo wazazi wengi hapa Lamu. Simu ni yake mkononi, namba ya siri anaijua, na kwenye karatasi mdaiwa ni mama yake. Angeendelea kukopa asilipe, ambaye angeingia kwenye orodha ya wadaiwa wabaya ya CRB, wanaotunza rekodi za mikopo ya watu, ni mimi, nami nategemea mkopo wa chama kununulia bidhaa kila kabla ya Idi.

Aliporudi sikuanza na mkopo. Nilimwomba anionyeshe jumbe zote, tangu wa kwanza. Tulikaa barazani hadi adhana ya Isha. Alianza na shilingi 200 za bando. Akalipa. Ukaja ujumbe wa hongera: kiwango chako kimeongezwa. Akakopa 500, akalipa, hongera tena. Kisha viatu vya mpira, kwa mashindano ya mtaani. "Mama, wameniongeza kwa sababu mimi ni mwaminifu," aliniambia, na alisema kwa moyo safi. Nilisikia uchungu. Mtoto anayesubiri kusifiwa, na aliyemsifu mara nyingi mwezi ule ni mashine inayotaka akope zaidi.

Hili si geni duniani. Binamu yangu aliyesoma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 alirudi na fulana aliyopewa chuoni kwa kujaza fomu ya kadi ya mkopo. Wenye kadi waliweka meza, wakagawa zawadi, na vijana wakajaza. Mwaka 2009 nchi ile ikatunga sheria: aliye chini ya miaka 21 hapewi kadi mpaka aonyeshe ana kipato chake au mtu mzima atie sahihi pamoja naye, na zawadi za kumvuta mwanafunzi chuoni zikapigwa marufuku. Kwetu meza ile imo mfukoni mwa mtoto, usiku na mchana.

Kuna neno moja nataka wazazi wenzangu mlisikilize vizuri. Watoto wetu wamefundishwa madrasa kwamba riba ni haramu, na wengi wanalishika hilo. Lakini ujumbe wa simu hausemi riba. Unasema ada. Mwanangu aliniapia kwamba hajala riba, na hakuwa akisema uongo. Neno lenyewe hakuliona popote. Kwa hiyo kumhutubia kuhusu riba pekee hakutoshi. Mfundishe kulitambua jambo hata likibadilishwa jina.

Mimi nilichukua kalamu. Upo mkopo wa simu wa siku 30 ambao ada yake ni asilimia 7.5. Ukikopa 1,000, ada ni 75. Akasema, "75 tu." Nikamwambia aandike 75 mara kumi na mbili, maana anayezoea kukopa hukopa kila mwezi. Zikafika 900. Asubuhi mimi hukaanga mahamri ya kuuza, moja shilingi 10. Nikamwambia ayahesabu kwenye sinia mpaka tisini. Alifika arubaini na kitu, sinia ikaisha. Hakusema kitu, akakaa akiitazama.

Tena kuna ile huduma ya kutumia zaidi ya salio, ambayo ada yake huhesabiwa kwa siku. Ndiyo iliyommeza pale Mokowe: pesa ikiingia tu, inakatwa, iwe ni ya nauli au ya dawa.

Deni si jambo geni kwake. Anajua daftari la duka, anajua aya ya deni katika Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qurani, inayotuamrisha kuandika. Sasa ana daftari lake. Kila alichokopa kwa yeyote kimo humo, hata shilingi 50 za rafiki. Deni la simu tulilipa pamoja: mimi nusu, yeye nusu kwa kubeba mizigo gatini siku za Jumamosi. Nawasihi msilipe yote kimya kimya kwa kuona haya. Nililifanya hilo kwa mkubwa wake, akakopa tena.

Programu za mikopo ziangalieni kwa jicho kali zaidi. Nyingine huomba kufunguliwa majina yote yaliyomo kwenye simu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamtaka kila mkopeshaji wa aina hiyo awe na leseni, na zinamkataza kutisha, kutukana au kuwatumia jumbe watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Benki Kuu hutangaza orodha ya wenye leseni. Kampuni isiyokuwamo, mtoto aifute mbele yako. Na kama ameshaanza kutishwa, mwambie akuletee simu wewe, asijifiche nayo.

Sasa ametimiza miaka 18, na mwezi uliopita kitambulisho chake kimetoka. Siku ya tatu akaja jikoni na simu: amealikwa kukopa 5,000, kwa hongera nyingi. Akanisomea mwenyewe, akauliza ada ni kiasi gani, tukatafuta mpaka chini kabisa kwenye maandishi madogo. Jumatatu tunakwenda kuihamisha ile laini kwa jina lake.