Habari Hii Umeipata kwa Nani? Ushauri kwa Anayebuni Historia ya Taifa

Kwa miaka sita sasa naandika riwaya kuhusu nchi isiyokuwemo katika ramani yoyote. Nimeiita Ungore, na wenyeji wake ni Wangore: nchi ya mwambao wenye mashamba ya chumvi, na nyuma yake vilima vikavu. Kabla sijaanza sura ya kwanza niliandika historia yake yote katika daftari moja: kurasa 40, wafalme 26 kwa mfuatano, vita vinne, na mwaka wa kila mfalme kutawazwa na kufa. Jioni moja nilimsomea babu yangu mdogo, ambaye alikuwa baharia wa majahazi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alisikiliza kimya mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, habari hii umeipata kwa nani?"

Nilimjibu kwamba nimeibuni mwenyewe. "Hilo nalijua," akasema. "Nauliza huko huko katika nchi yako. Nani alikuwa akiisimulia, na alikuwa akimsimulia nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu usiku ule nimeiandika upya historia ya Ungore mara tatu, na kila mara nimeanza na swali lake. Kwa hiyo ninachoweza kukushauri, ewe unayebuni taifa kwa ajili ya riwaya, mchezo au hadithi za watoto wako, ni hiki: usiandike historia ambayo haina msimulizi. Katika dunia tunayoishi hakuna habari ya kale iliyotufikia bila kupita katika kinywa au kalamu ya mtu mwenye ukoo wake, deni lake na haki anayoidai.

Itazame Kilwa, mji wa kale wa kisiwani kusini mwa pwani ya Tanzania. Habari za masultani wake zimetufikia kwa njia kadhaa. Ipo tarihi, yaani maandishi ya historia, ya Kiarabu, ambayo nakala yake Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa mwakilishi wa Uingereza, John Kirk, na leo imehifadhiwa London. Yapo maelezo ambayo Mreno João de Barros aliyaingiza katika kitabu chake cha mwaka 1552. Tena yapo masimulizi ya wenyeji yaliyoandikwa kwa Kiswahili baadaye sana. Orodha za watawala hazilingani, na hata chanzo cha mji hakisimuliwi kwa namna moja. Katika tarihi ya Kiarabu, mgeni kutoka Shirazi, mji wa Uajemi, anakinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka, na mwenyeji aliyemuuzia anapokusudia kurudi kumwua, mgeni anakichimba kivuko kilichokuwa kikikauka maji yakipwa, hata mwenyeji hawezi tena kuvuka kwa miguu. Katika masimulizi ya wenyeji, yule mwenyeji ana jina, Mrimba, naye ana binti ambaye mgeni anamwoa.

Nilipoyasoma masimulizi haya mawili pamoja ndipo nilipoelewa alichokuwa akiniuliza babu. Anayetaka kuonyesha kwamba ardhi ni yake kwa sababu ilinunuliwa ataeleza habari za vitambaa kwa kina, lakini anayetaka kuonyesha kwamba damu ya wenyeji imo katika ukoo wa watawala hawezi kumsahau binti. Hakuna haja ya kuamua kwamba mmoja wao ni mwongo. Kila mmoja ameshika kile kinachomfaa, na katika nafasi iliyopo kati yao msomaji anaanza kuwaona watu waliokuwa wakiishi pale.

Katika Ungore nimewaweka wasimulizi wawili. Wa kwanza ni karani wa ushuru wa chumvi, ambaye anaandika tarihi kwa amri ya mfalme wa kumi na tisa. Wa pili ni mwanamke mzee anayechota maji katika kisima cha kale nje ya lango la mji. Karani anaandika kwamba kisima kilichimbwa na mfalme wa kwanza, na kwa hiyo kila anayechota anadaiwa ushuru. Mwanamke hana kalamu wala karatasi. Anachofanya ni kuushika mkono wa kijana aliyetumwa kukusanya ushuru na kuupitisha juu ya ukingo wa kisima, mahali ambapo kamba za wachotaji zimelila jiwe mpaka zimeacha mitaro saba, kila mmoja ukimeza kidole hadi kiungo cha pili. Anamwambia, "Hesabu wafalme wako, kisha uniambie kama jiwe huliwa namna hii kwa umri wao." Ukurasa ule umenifaa kuliko kurasa zote 40 za mwanzo, kwa sababu ndani yake historia imekuwa kitu ambacho mtu anaweza kunyimwa maji kwacho.

Jiwe lile sikulitoa hewani. Niliona kisima cha namna hiyo katika magofu ya pwani, na ndiyo sababu namsihi kila mwandishi ayatembelee magofu yaliyo karibu naye kabla ya kumbuni mfalme hata mmoja. Nenda Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, ukatazame makaburi ya nguzo. Juu ya nguzo utaona mashimo ya duara, yaliyo laini ndani, ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya kaure kutoka China. Simama hapo ujiulize nani alivinunua, vilisafiri miezi mingapi baharini bila kuvunjika, na kwa nini familia ya marehemu iliona heri chombo kile kikae juu ya kaburi kuliko mezani. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Tarehe moja iliyochongwa juu ya kaburi inaweza kubeba mji mzima, wakati orodha yangu ya tarehe 52 haikubeba hata nyumba moja. Kwa hiyo sasa, kabla ya kusema nani alitawala, naandika kwanza nini kimebaki, kipo wapi na nani anakilinda.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji msimulizi, nayo ni upepo, maji na chumvi. Miji ya mwambao wetu haikuota popote tu. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kisha wageni wakangoja kusi iwarudishe kwao, na katika miezi ile ya kungoja wakaoa, wakakopa, wakagombana, wakajenga misikiti. Kilwa ilinawiri kwa sababu ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo chombo kingeweza kuimaliza na kurejea katika msimu mmoja, na dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, ikapitia mikononi mwake. Bara nako, chumvi ya Uvinza mkoani Kigoma imechemshwa kutokana na chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na watu walitoka mbali kuifuata. Katika rasimu yangu ya kwanza Ungore ilikuwa na bandari mbili kubwa zilizoachana kwa mwendo wa siku mbili, na sikuwa na sababu yoyote ya kuwepo ya pili isipokuwa kwamba nilihitaji adui. Niliifuta. Adui akahamia vilimani, ambako hakuna chumvi, na vita vikapata sababu.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni maneno. Sisi tunaketi mezani na kupandisha bendera kwa maneno yaliyotoka kwa Wareno, na neno gereza inasemekana lilitokana na neno lao la kanisa. Fikiri ni mambo gani yalipaswa kutokea hata jina la nyumba ya ibada likawa jina la mahali pa kufungia watu. Hakuna sura ya vita inayoweza kulieleza jambo hilo kwa ufupi namna hiyo. Basi katika Ungore, wavamizi waliofukuzwa miaka 200 iliyopita hawatajwi ila kwa laana, lakini kila jikoni mafiga huitwa masunda, na hilo ni neno la wavamizi. Mama anayemfundisha mwanawe kuwachukia watu wale anamwambia katika pumzi ile ile asogeze sunda. Silielezi jambo hili popote katika riwaya. Nimeliacha msomaji aligundue mwenyewe katika sura ya saba, mtumwa mzee anapolitamka neno hilo kwa lafudhi yake ya asili.

Kuhusu kalenda nitasema machache. Usiwape wahusika wako wote hesabu moja ya miaka. Mabaharia wetu walihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, na Makunduchi kule Unguja sherehe yake, Mwaka Kogwa, bado hufanywa kila Julai, ilhali misikitini watu walifuata mwezi. Wengine walikumbuka miaka kwa njaa, kwa nzige na kwa majina ya marika. Karani wangu anaandika nambari. Mwanamke wa kisimani anasema "mwaka wa chumvi nyeusi", na msomaji ndiye atakayekadiria kwamba wanazungumzia msimu mmoja.

Acha vilevile kitu kimoja bila maelezo. Mwaka 1944, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, ziliokotwa sarafu tano za shaba zilizotengenezwa Kilwa, na mpaka leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje huko. Dunia ya kweli ina vitu vya namna hiyo, kwa hiyo dunia ya kubuni ambayo kila kitu kimeelezwa hunukia karatasi. Lakini kiwe kimoja au viwili tu, na visiwe vile ambavyo hadithi yako inavitegemea.

Kuna mahali ambapo nilikosea, na nasema wazi ili mwingine asirudie. Katika rasimu ya pili nilihitaji tukio la mwisho wa uhuru wa Wangore, nikachukua habari ya viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Nilibadilisha majina ya watu na ya mji, nikabakiza karibu kila kitu kingine. Niliposoma tena, swali la babu lilinirudia, na safari hii lilikuwa na jibu: habari hii niliipata kwa watu wa Songea, ambao bado huwakumbuka wafu wao kila mwaka, na mimi nilikuwa nimeyafuta majina yao nikaweka ya kwangu. Nililiondoa tukio lile lote. Kujifunza kwao jinsi watu wanavyoshindwa na jinsi wanavyokumbuka ni halali kabisa, lakini kukivua kifo cha mtu jina lake ili nikivishe mhusika wangu sikukubali tena, na nakuomba nawe usikubali.

Mwezi uliopita nilimsomea babu mdogo historia mpya. Ina kurasa 11 tu. Alinikatiza mara nne. Alisema karani anasema kweli kuhusu kisima lakini anadanganya kuhusu ushuru, na kwamba yule mwanamke anajua zaidi ya anachosema, kwa sababu mtu anayechota maji nje ya lango huwaona wote waingiao usiku. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia namna mabaharia wa Ungore wangeisimulia habari ile wakiwa wanangoja kusi. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, naye sasa ndiye msimulizi wa tatu.