Usinyamaze mezani: yaliyonikuta kwenye mkahawa wa Kiitaliano hapa Malindi

Juzi kuna dada ameniandikia, anasema mchumba wake anataka siku ya kumvalisha pete waende mkahawa wa Kiitaliano hapa Malindi, wakae na wazazi wa pande zote mbili, na yeye hajawahi kula hayo makulaji, anaomba nimwambie aagize nini asije akaaibika mbele ya wakwe. Ile meseji nimeisoma mara tatu. Kumjibu kwa mistari miwili nimeshindwa, kwa sababu mwezi uliopita tu nimetoka na machungu yangu kwenye mkahawa wa aina hiyohiyo na mpaka leo nikipita pale na tuktuk nageuza uso.

Kwanza nikwambie dada yangu, huna cha kukuaibisha. Aibu ni ya anayekuuzia chakula kibovu kwa bei ya dhahabu.

Mimi pasta naijua, na hili nalisema bila kujificha. Nimefanya kazi jikoni kwa signora mmoja, yaani bibi wa Kiitaliano, huku Casuarina miaka sita, mama mtu mzima, mkali kweli, anasimama nyuma yangu na saa mkononi. Gramu 100 za pasta, lita moja ya maji, gramu 10 za chumvi, hivyo ndivyo alivyonifundisha siku ya kwanza na hakubadilisha mpaka alipofunga nyumba akarudi kwao. Pasta haiingii kwenye maji ambayo hayajachemka, na haitolewi ikiwa imelegea. Wenyewe wanaita al dente. Sisi tunaelewa haraka zaidi wakituambia tambi iwe na kiini, ule ugumu mdogo wa katikati ambao kwenye wali tunaugombeza, kwao ndio wanaoutafuta. Mwezi wa kwanza nilikuwa naona kama wanakula mbichi. Baadaye ukinipa tambi iliyopitiliza siwezi tena, naona ni mashendea ya ngano.

Na Malindi si mji wa kuuziwa uongo kuhusu chakula cha Kiitaliano. Babangu alikuwa mvuvi wa Ngomeni, tulikua tukihadithiwa habari za San Marco, vile Waitaliano walivyokuja na ule mtambo wao wa kurushia satelaiti baharini, satelaiti ya kwanza kutoka pale ikarushwa 1967, halafu ile ya Wamarekani ya tarehe 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru kwa sababu ilirushwa siku yetu ya uhuru. Baada yao wakaja wa mahoteli, wakaja wa majumba, wakaja wa piza na aiskrimu. Leo vijana wa ufuoni wanaongea Kiitaliano kuliko Kiingereza na sokoni mama wa nyanya anakuhesabia bei uno, due, tre. Kwa hiyo mtu akifungua mkahawa hapa akaandika "cucina italiana", yaani mapishi ya Kiitaliano, mlangoni, asidhani sisi wenyeji hatujui kinachotakiwa kutoka kule jikoni.

Sasa mkahawa wenyewe, jina silitaji. Nimeenda mara tatu.

Mara ya kwanza nilikuwa na mume wangu, ana pesa ya kazi aliyoimaliza, tumependeza. Nikaagiza spageti ya kamba wa baharini. Ilikuja kwa dakika nne. Yaani hapo ndipo nilipojua, kwa sababu spageti kavu peke yake inataka dakika nane, tisa, kumi, pakiti yenyewe inaandikwa, sasa hii ya dakika nne imechemshwa lini? Imechemshwa asubuhi ikawekwa kwenye friji, ukiagiza inamwagiwa sosi na kupashwa moto. Ukiiinua kwa uma inakuja yote kama kamba ya kuanikia nguo, na chini ya sahani kumetuama maji mekundu. Nikala nikanyamaza. Mume wangu akaniuliza vipi, nikamwambia tamu. Sikutaka kumharibia siku yake.

Mara ya pili nilikwenda na rafiki yangu kutoka Nairobi. Tulikaa, tukaagiza, na meza ya pembeni wakaja wazungu watano baada yetu, wakawekewa mkate, wakawekewa mafuta ya zeituni, wakaletewa na chakula, sisi bado tunaangalia mshumaa. Weita ni kijana wetu, mtoto wa hapahapa, namjua mpaka kwao. Nilipomwita akanionyesha kiganja, ngoja. Ile iliniuma kuliko spageti. Hata hivyo nikanyamaza tena, rafiki yangu akasema labda wameelemewa, tukalipa tukaondoka.

Mtaniuliza kwa nini nikarudi. Nilirudi kwa ajili ya mamangu.

Mamangu ana miaka 71, yuko Mambrui, na alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Miaka miwili nzima alikuwa anatutambua kwa sauti. Bandeji ilipotoka akaniambia, mwanangu, nataka nione huko ulikokuwa unafanya kazi, na hicho chakula ulichokuwa ukikipika nikione kwa macho yangu. Nyumba ya signora imefungwa. Nikaona nimpeleke pale kwa sababu kuna bustani nzuri, kuna mbilimbi, kuna taa ndogondogo kwenye miti, nikasema macho mapya yapate kitu cha kuangalia. Nikaweka akiba.

Tulikuwa wanne, mimi, mume wangu, binti yetu na bibi yake. Mama nikamwagizia piza ya mboga, nikamwambia weita kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, hii ni ya mamangu, sisi ni Waislamu, hakuna nguruwe hapa, piza ya mboga tupu. Akasema sawa.

Piza ikaja. Mama akavuta sahani karibu, akainama, mimi niko nachanganya juisi ya binti yangu, nikamsikia anauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mbona hapa pana alama za duara?"

Nikaangalia. Juu ya ile jibini iliyoyeyuka kulikuwa na viduara kama vya kifuniko cha chupa, vimebonyea, pembeni vina rangi ya waridi, na kwenye kimoja kimebaki kipande cha nyama chembamba kama ukucha. Walikuwa wamepika piza ya hemu, yaani nyama ya nguruwe, ya mtu mwingine, wakaona imekosewa, wakabandua ile nyama moja moja wakatupia mapilipili hoho juu, wakamletea mamangu. Macho yaliyofunguliwa wiki tatu zilizopita ndiyo yaliyoona. Mimi na ujuzi wangu wa miaka sita ningempa akala.

Safari hii sikunyamaza. Nikasimama nikamwita weita, nikamwambia mlete meneja. Meneja akaja anatabasamu, akasema ni mboga hiyo madam, nikamwekea kile kipande kwenye tishu mkononi. Akakaa kimya kidogo halafu akasema watamtengenezea nyingine. Nyingine kwenye chombo kilekile, kwa mikono ileile? Mama alikuwa ameshajifunika mtandio vizuri anasema twendeni, hataki kelele, na mkono wake unatetemeka. Hilo ndilo lililobaki kwangu mpaka leo, ule mkono. Alikuja kuona kazi ya mwanawe akaonyeshwa dharau.

Bili ikaja. Spageti mbili 3,400, lazanya 1,400, juisi na maji 1,600, na piza 1,200 wameiandika vilevile! Chini yake kuna kitu kinaitwa coperto, 150 kwa kila mtu, jumla 600, halafu huduma asilimia 10. Jumla yote 8,960. Nikauliza coperto ni nini kwa sababu nataka aniambie yeye, ijapokuwa najua, Italia ni kawaida mkahawa kutoza pesa ya mkate na kitambaa cha meza kwa kila kichwa. Lakini kwao inaandikwa kwenye menyu. Hapa menyu nimeigeuza mbele na nyuma haipo, na mkate wenyewe mezani kwetu haukufika. Mabishano yakachukua nusu saa. Piza ikatolewa, coperto ikatolewa, na ile huduma nikakataa, nimehudumiwa nini mimi? Nikalipa 6,400 kwa M-Pesa nikachukua risiti. Njiani mume wangu akasimamisha tuktuk tukamnunulia mama viazi vya karai na chatne ya ukwaju, akala mlemle ndani ya tuktuk, hakusema neno mpaka daraja la Sabaki.

Sasa dada yangu, na nyote mnaopenda kula vizuri na kuwapeleka watu wenu mahali pa maana, maana najua hamsomi hapa kama hamna ndoto hizo, nawaambia tatizo letu kubwa ni kunyamaza. Tukiona kitambaa cheupe na glasi ya mguu mrefu tunakuwa wageni kwenye mji wetu. Kwa mama wa biriani ukipata unywele unamwita hapohapo, mbona kwa mzungu unaumeza? Uliza. Uliza kabla ya kukaa, uliza kabla ya kuagiza, uliza kabla ya kulipa. Pesa ya Malindi haina rangi.

Kama ni Mwislamu usiridhike na "hakuna nguruwe" peke yake. Tambi za karbonara zenyewe asili yake ni nyama ya shavu la nguruwe, mayai, jibini ya pecorino na pilipili manga, na ukiiona imejaa krimu ujue hiyo wamejitungia. Risoto mara nyingi wanatia divai nyeupe mwanzoni kabisa, mchele ukishakaangwa. Tiramisu, kile kitindamlo cha biskuti na krimu, wengi wanatia pombe kwenye ile kahawa ya kulowekea biskuti. Pana kota, ile krimu tamu, inagandishwa na jelatini, muulize ya mnyama gani. Weita akisema "sijui" mwambie nenda jikoni kaulize, hiyo ndiyo kazi yake. Akijibu harakaharaka bila kwenda jikoni, agiza chai uondoke.

Kitu kingine ni msimu, na hili watu wa bara hawalijui. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Mei na Juni, Waitaliano wengi wamerudi kwao, mikahawa kadhaa inafunga na iliyobaki inapika vya friza, wavuvi wetu nao hawatoki sana kwa sababu bahari ni mbaya. Usimpeleke mkwe kula ngisi na pweza siku hizo ukategemea wametoka majini asubuhi. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia, bahari ikatulia, hapo ndipo samaki anakuwa samaki. Na ukiletewa spageti ya kamba chini ya dakika tano, irudishe. Irudishe kabla hujaionja, kwa adabu, bila kelele, lakini irudishe. Mimi nilikula nikasema tamu, na nahisi ile "tamu" yangu ya mara ya kwanza ndiyo iliyowapa ujasiri wa kumletea mamangu ile sahani. Tunawalea wenyewe jamani. Mteja mmoja ananyamaza, wa pili ananyamaza, jikoni wanajua hawa wa hapa watakula chochote.

Na ninyi vijana wetu mnaofanya kazi huko, mwenzenu nimefanya, najua mshahara wenyewe na najua tip ya mzungu inavyosaidia nyumbani. Lakini yule mama wa buibui aliyekaa meza ya pembeni angeweza kuwa mamako. Mpelekee na yeye mkate.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Mambrui na sufuria yangu kubwa. Nikachemsha maji mbele ya mama, nikampimia chumvi aione, kamba nimenunua wabichi, kitunguu thaumu, nyanya, mafuta ya zeituni kidogo niliyokuwa nayo, basi. Jibini sikuweka, signora angenipiga mwiko, vya baharini havitiwi jibini. Mama akatafuna akasema hizi tambi zina kiini. Nikamwambia ndivyo zinavyotakiwa. Akatafuna tena, akasogeza sahani niongeze.

Kwa hiyo dada, nijulishe tarehe ya pete. Mikahawa miwili mizuri ninayoijua nitakutumia kwa siri, na wiki hiyo nitampigia babangu mdogo Ngomeni aniambie majahazi yanatoka au hayatoki, ndipo tujue kama ni spageti ya kamba au uwaagizie wakwe lazanya ya ng'ombe.