Jibu: Betri za nodi zinaisha mapema

Umeuliza kwa nini betri zinaisha haraka wakati kila nodi (kifaa kimoja cha mtandao wako usio na waya) inamrushia pakiti za data jirani aliye karibu zaidi na kituo kinachozikusanya. Tatizo ni hapo hapo: jirani huyo mara nyingi yuko ukingoni mwa mawimbi, pakiti zinapotea, unarudia kutuma. Badala yake, kwa kila jirani, zidisha mita anazoisogeza pakiti kuelekea kituoni kwa uwiano wa pakiti zinazomfikia. Mita 40 kwa 0.3 ni 12. Mita 25 kwa 0.9 ni 22.5, basi mchukue huyu wa pili.

Halafu redio yenyewe. CC2420, chipu ya redio ya nodi, inakula miliampea 18.8 ikisikiliza tu, 17.4 ikituma kwa nguvu zote (ndiyo, kusikiliza ni ghali zaidi!). Usipoilaza (kuizima kwa muda isipotumika), hata njia bora haikusaidii.