Jibu: Namna ya kumpa AI mpangilio wa projekti yako

Mkuu, umeuliza utamwonyeshaje AI projekti nzima ya kodi bila kukopi faili moja moja. Hiyo ya moja moja achana nayo kabisa, mi niliifanya miezi kibao na siku moja nikabandika hadi .env, faili la mipangilio ya siri, yenye paswedi ya databesi, ikabidi niibadilishe usiku uleule.

Kama unataka mpangilio wa folda tu, amri ya tree kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) inatosha:

tree -L 3 -I 'node_modules|.git'

Hiyo -L 3 inashuka ngazi tatu, -I inaruka vitu usivyotaka. Ukisahau kuiruka node_modules (folda ya maktaba za kodi ulizopakua) terminali itamwaga mistari mpaka ukome.

Ila kama unataka AI asome na kodi yenyewe tumia Repomix, programu ya kukusanya projekti nzima kwenye faili moja. Ukiwa na Node (programu ya kuendesha JavaScript), ingia kwenye folda ya projekti andika npx repomix, basi, utapata faili moja repomix-output.xml, juu kuna mti wa mafolda, chini kodi zote. Nachoipendea inafuata .gitignore yako (orodha ya faili ambazo Git inaziruka) na inakagua kama kuna funguo za siri zimejificha humo, lakini na wewe pitia kwa macho yako kabla hujatuma, tafadhali sana.

Mwishoni inakuhesabia tokeni (vipande vya maandishi ambavyo AI anavisoma), iangalie hiyo namba. Ikiwa kubwa mno ongeza --compress, inabakiza majina ya fankisheni na klasi inatoa matumbo yake, au chagua sehemu moja tu kwa --include "src/**". Mi huwa natuma sehemu yenye tatizo pekee, majibu yanakuja ya maana zaidi.