Ufunguo wa akiba wa pikipiki isiyo na chipu

Mkuu, kwa kuwa umesema ufunguo wako wa pikipiki ni chuma kitupu, hauna chipu (kile kidude cha kielektroniki ambacho pikipiki hukitambua ndipo iwake), na umebaki nao mmoja tu, huna haja ya kuagiza kiwandani. Fundi wa kuchonga funguo anaiweza hiyo kazi, mradi awe na ufunguo mbichi, yaani ambao haujachongwa meno, wenye mifereji inayolingana na wako. Hapo ndipo pa kuwa makini: mfereji ukiwa kushoto badala ya kulia, hauingii hata ukichongwa vipi.

Kabla ya kwenda, ukague ule ulio nao. Kama meno yamelika, mashine itanakili ulikaji huohuo, na utalipia ufunguo mpya wenye uzee wa zamani. Tafuta namba iliyogongwa kwenye ufunguo wenyewe, au kwenye kile kibati kidogo ambacho huja na funguo pikipiki ikiwa mpya. Kwa namba hiyo, fundi mwenye mashine ya kuchonga kwa kufuata namba huchonga meno kama yalivyotoka kiwandani. (Ipige picha uihifadhi, ila usiitume humu kundini.)

Ukishapewa, jaribu kote: swichi, loki ya usukani, mfuniko wa tangi, kiti. Ufunguo ukikubali kwenye swichi lakini ukagoma kwenye tangi, mrudishie fundi apige tupa kidogo. Usilazimishe, ukikatikia ndani ya swichi, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Na huo wa akiba usiuning'inize pamoja na ule wa kila siku, jamani.