Mkeka Tuuache Shuleni, Wadogo Zangu

Jumamosi nilisimama kando ya njia, theluji imenifika vifundoni, nikimtazama mmoja wenu, ninyi wanamieleka mnaozunguka nyumba kwa nyumba kuomba kura, akibishana na bibi mlangoni kwake. Dakika ishirini! Bibi wa watu kavaa ndara, mlango wazi, joto lote la nyumba linatokomea nje. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana nilijiona mimi.

1. Paul Wellstone. Kila mwanamieleka anayeingia kwenye kampeni hapa Minnesota huja na jina lake mdomoni: yule mfupi aliyepigana mieleka sekondari huko Virginia, akaishia Seneti ya Marekani. Mnalikumbuka basi lake la kijani la kampeni ya 1990, alipomwangusha seneta Rudy Boschwitz aliyemzidi fedha mara kadhaa. Ya 1982 hamyataji, alipogombea ukaguzi wa hesabu za jimbo akapigwa. Miaka ile ya katikati alikuwa anafundisha Chuo cha Carleton na kusimama na wakulima waliokuwa wakinyang'anywa mashamba na benki. Nani kati yenu amewahi kukaa na mkulima?

2. Msishinde mlangoni. Hapa ngoja nitubu. Kampeni yangu ya kwanza, ya udiwani, nilikutana na mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, analalamikia kodi ya nyumba. Damu ikachemka. Nikaona ameacha mguu wazi, nikauvamia: takwimu, bajeti, barabara, shule ya wajukuu wake. Kila alipojitutumua nikamrudisha chini. Dakika arobaini. Mwisho akanyanyua mikono: "Haya kijana, umeshinda." Nikashuka ngazi natabasamu, na kwenye orodha ya mtaa nikamwandikia 1, yaani wetu kabisa. Nyumba kumi na moja zilizobaki sikuzigusa, giza lilishaingia.

Siku ya kura vijana wetu wakafuata orodha kama inavyotakiwa. Wakampigia simu mzee, wakampelekea na gari. Akapanda, akamchukua na jirani yake, wakaenda wote wawili kumpigia mpinzani wetu. Aliniambia mwenyewe wiki iliyofuata, dukani, kwa upole kabisa, huku anachagua vitunguu. Tulishindwa kwa kura tisa. Kwenye mkeka wa mieleka ukimlaza mtu mabega mawili, refa anapiga kofi, mmemaliza. Yule niliyemlaza mimi aliinuka, akavaa koti, akaenda kituoni. Na gari nilimpelekea mimi! Mgombea wetu hakunikaripia hata kidogo. Afadhali angenikaripia.

Basi: dakika tatu, sikiliza, andika alichosema, shukuru, ondoka. Na 1 haipewi mtu aliyenyanyua mikono.

3. Minnesota mtu hujiandikisha siku ileile ya kura, na jirani aliyekwisha andikishwa kwenye kituo hichohicho anaweza kuwathibitishia makazi hadi watu wanane. Mwambieni hivyo kila aliyehamia juzi.

4. Kuleni. Hakuna anayewapima uzito tena kama kwenye mieleka, ila bado nawaona mnashinda na maji na ubani wa kutafuna kana kwamba kesho kuna mashindano. Mimi nilizimia kwenye kikao cha bajeti, mbele ya kamati nzima, kwa sababu ya tabia hiyohiyo. Wakadhani ni bajeti.

5. Kalamu ya wino huganda kwenye baridi, chukueni penseli. Na yule wa Jumamosi, anajijua: rudi kwa bibi, umwombe radhi. Usiende na vipeperushi.