Nyumba janja Mwanza: kabla ya vifaa, zungumza na fundi umeme

Wengi wanaoniuliza kuhusu nyumba janja, ile ambayo taa na pampu huendeshwa kwa simu au hujiendesha zenyewe, hutaka kwanza kujua programu ya kupakua kwenye simu. Mimi huwauliza nyumba imefikia hatua gani. Kama kuta hazijapigwa plasta, una nafasi ambayo hutaipata tena kwa bei hiyo.

Sababu ni nyutro, waya unaokamilisha njia ya umeme. Kwa mtindo tuliorithi Uingereza, mafundi wetu hushusha kwenye boksi la swichi laivu, yaani waya unaoleta umeme, na waya wa kurudi kwenye taa. Nyutro hubaki darini. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi. Swichi janja hukaa macho muda wote ikisubiri amri, na nyingi haziwezi hilo bila nyutro. Zipo zinazodai kuweza, lakini hupitisha umeme kidogo kwenye taa yenyewe, na taa ya LED ya wati chache huweza kumetameta hata ikiwa imezimwa. Kwa hiyo mwambie fundi ashushe nyutro kila swichi, na aweke maboksi yenye kina cha milimita 47, maana vifaa hivi ni vinene. Kisha piga picha kila ukuta, futi ikiwa imewekwa pembeni, kabla waya hazijafunikwa. Tofauti ya gharama ni waya na maboksi tu. Kutindua ukuta uliokwisha kupakwa rangi kunauma.

Jambo la pili ni letu wenyewe: mawe. Hapa Mwanza, Bwiru au Capri Point, nondo ya ethi, ile ya kupeleka umeme hatari ardhini, inaweza kugota kwenye mwamba kabla haijazama hata nusu. Nimeona mafundi wakiikata kwa msumeno ili ionekane imeingia yote. Usikubali. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, hasa usiku, na kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kwenye bodi ya umeme hufanya kazi kwa kuusukuma umeme ule ardhini. Ethi mbovu, kifaa hicho ni pambo. Mahali pa mwamba, chimbeni mtaro kwenye udongo uliopo, laza waya mnene wa shaba, unganisha nondo kadhaa, halafu dai ipimwe kwa mita mbele yako.

Ubongo wa mfumo ukae ndani ya nyumba. Vifaa vinavyotegemea seva za ng'ambo huduwaa bando likiisha, na sioni sababu ya taa ya chooni kusubiri jibu kutoka bara jingine. Napenda Home Assistant, programu ya bure iliyoanza mwaka 2013, inayotosha kwenye kompyuta ndogo, pamoja na sensa (vifaa vya kuhisi) za Zigbee, redio ya masafa mafupi, zinazowasiliana bila intaneti. Kompyuta hiyo na ruta viwe kwenye betri. Na kila swichi ya ukutani iendelee kuwasha taa kwa kidole. Mama mkwe akija kutoka Ukerewe asihitaji kufundishwa.

Kazi ya kwanza ningeipa mfumo ni maji. Kwenye nyumba ya mlimani, tanki la chini hupokea maji ya bomba na pampu huyapandisha la juu. Weka sensa kwenye matanki yote mawili: la juu likipungua pampu iwake, la chini likikauka izime kabla haijaungua. Ila usiipitishe pampu kwenye swichi janja moja kwa moja. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na swichi ndogo itaungua; iwashe kontakta, swichi nzito inayovutwa kwa sumaku ya umeme, na kontakta ndiyo ibebe mzigo.

Taa za nje upande wa ziwa ziwe za mwanga wa njano, ziwashwe na sensa ya mwendo tu, la sivyo wadudu wa ziwani watajaa barazani. Kamera iwe mbali na taa hizo, mahali unapofika kwa ngazi fupi, kwa sababu buibui watatanda mbele ya lenzi na utalazimika kuifuta mara kwa mara.